Historia ya Mama Mtaro, Aliyekataa Kusaini Barabara ya Tope

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya barabara, na wewe mgeni rasmi uliyepewa kiti cha mbele, familia imemkabidhi mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, fundi cherehani wa pale sokoni, asome maisha ya dada yake, na imemwomba asome polepole na asipunguze kitu, kwa sababu aliyelala hapa mbele yetu hakupenda taarifa zilizopunguzwa, na aliwahi kumrudishia mtu ripoti yake akimwambia, "Umeandika barabara inapitika. Inapitika na nani, ndege?"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa chini ya barabara, tena chini kabisa, kiasi kwamba kila mvua iliponyesha maji ya barabarani yaliingia bila hodi, mama akapandisha magunia na viatu kitandani, na sisi watoto tukapanda juu ya magunia. Alipokuwa na umri wa miaka minane alichoka na hali hiyo, akachukua jembe la baba, akachimba mfereji wake mwenyewe pembeni mwa nyumba, na maji yakamtii vizuri sana, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye stoo ya unga ya jirani mwoka mikate, ambaye alikuja mbio na ndala mguu mmoja akiuliza ni shetani gani amemfungulia mto. Baba alimchapa, hilo hatulifichi, lakini kesho yake baba na mwoka mikate walishika majembe, wakachimba pamoja mtaro mrefu hadi bondeni, naye akasimama kuwatazama mpaka walipomaliza, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza maji yakitoka hapa yanakwenda wapi. Ndugu zake tulilichoka swali hilo, kwa sababu aliliuliza hata mtu akimwaga chai mezani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1980, na mwaka 1981 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea ujenzi wa barabara, ambako darasa zima lilikuwa na wasichana wawili, na siku ya kwanza mwalimu wa upimaji alimwuliza kama hakukosea mlango, maana ushonaji ulifundishwa jengo la pili. Alijibu kwamba ushonaji amemwachia mdogo wake wa kiume, jambo ambalo wakati ule lilikuwa uongo mtupu, lakini limekuja kuwa kweli, kama mnavyomwona amesimama hapa na miwani yake. Alihitimu mwaka 1984, na mwaka 1990 akarudi masomoni kuchukua shahada ya uhandisi, akiwa na mtoto mmoja mkononi na baadaye mwingine tumboni, akaimaliza mwaka 1994.

Aliajiriwa Julai 1985 katika ofisi ya barabara, kitengo cha matengenezo ya barabara za mkoa na za vijijini, akapewa meza katika chumba kilichopakana na stoo ya matairi, chenye dirisha moja linalotazama yadi, ambako greda mbili zilikuwa zimesimama juu ya magogo zikingoja vipuri. Wenzake waliopangiwa ujenzi wa barabara mpya walimpa pole, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba barabara mpya ina utepe wa kukata, ina picha, ina chakula cha mchana chini ya turubai, lakini mtaro uliozibuliwa hauna utepe, na hakuna kiongozi atakayekuja kupigwa picha akiwa ameinamia kalavati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara. Yeye hakutaka pole yao. Alikagua barabara wakati wa mvua, akiwa na buti za mpira na mwavuli wa mume wake, akitembea kwa miguu nyuma ya maji kama mtu anayefuatilia ng'ombe aliyepotea, na aliporudi ofisini na sketi imelowa hadi magotini, wale waliokuwa wamekagua kiangazi wakiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, walimcheka na kumwita Mama Mtaro, naye akalichukua jina hilo na kulitumia hata kwenye simu.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa boza la maji la ofisi hiyo hiyo, na walivyokutana ni kwamba boza lilikwama kwenye tope siku ambayo marehemu alikuwa ameagiza lisipite, akamfuata dereva hadi mlangoni mwa gari, akamsema mpaka akaishiwa maneno, ndipo dereva akashusha kioo akamwambia, "Sasa dada, nimekosa, lakini si uingie ndani kwanza, unalowa." Shemeji anasema hakupata nafasi nyingine ya kumalizia sentensi kwa muda wa miaka thelathini na saba, na kwamba angetoa chochote asemwe tena leo.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza ni binti, aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye leo ni mkunga katika zahanati ya vijiji vya kule juu mlimani, na wa pili ni kijana, aliyezaliwa mwaka 1992, fundi magari, ambaye kazi yake kubwa ni kubadilisha springi na shokapu, na marehemu alimtania kila alipokuja na zawadi, akimwambia, "Hizi ni hela za mashimo, mwanangu, wewe na mashimo mnakula sahani moja," kisha anaipokea zawadi na kuificha kabatini. Ameacha pia wajukuu wanne, ambao wote wanajua kalavati ni nini.

Ndugu waombolezaji, hapa tulipofika wengine katika familia walitaka turuke, lakini hatutaruka, kwa sababu haya ndiyo yaliyokuwa maisha yake.

Kila mtu aliyeketi hapa analipia matengenezo ya barabara, hata asiye na gari, kwa kuwa ndani ya bei ya kila lita ya mafuta kuna kiasi kilichotengwa kisheria kwa kazi hiyo, analipa mwenye basi, analipa mwenye pikipiki, analipa na yule mwenye mashine ya kusaga ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Fedha hizo zinakatwa kila siku ya Mungu, lakini kwenye ofisi ya mkoa zilikuwa zikifika mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, mvua zikiwa bado zinanyesha, na zikifika zinakuja na amri kwamba zitumike zote kabla mahesabu hayajafungwa, la sivyo zirudi zilikotoka. Basi greda inawashwa matopeni, inakwangua barabara iliyolowa, inaondoa changarawe ngumu iliyobaki na kuisukumia mtaroni, barabara inaonekana laini kwa muda mfupi, picha zinapigwa, hati ya kukamilika inasainiwa, na mvua inayofuata, ikikuta mtaro umezibwa, inageuza barabara yenyewe kuwa mtaro. Mwaka baada ya mwaka ilikwanguliwa hivyo hivyo, hadi barabara hii ya kwenda juu ikawa chini kuliko mashamba ya pande zote mbili, na mtu aliyesimama shambani akawa anaona kofia tu za wapita njia. Zilitumika fedha za umma kuibomoa barabara ya umma, kwa ratiba, kwa saini na kwa muhuri.

Juni 2011 marehemu alikataa kusaini. Mkuu wa idara alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamwambia kwa upole, "Mama, saini tu, fedha zisirudi, watu wako wa kule juu watakosa hata hicho kidogo." Akamjibu, "Zirudi. Afadhali zirudi kuliko kuzimwaga kwenye tope halafu nidanganye kwamba ni barabara." Kwa neno hilo alihamishiwa stoo ya matairi, mlango wa pili tu kutoka meza yake, mtu mwenye shahada akawa mlinzi wa matairi kwa miaka miwili, na hati ikasainiwa na mwingine ambaye hakuwa ameshuka kwenye gari.

Lakini kilichomuumiza hakikuwa matairi. Kilichomuumiza ni kwamba watu wa kule juu, wale wale aliowapigania, walikasirika naye, kwa sababu waliambiwa ofisini kwamba kuna mhandisi mmoja mwanamke anayewazuilia greda, na kwa mtu anayelala barabarani na gunia lake, greda ni greda, hata ikija mvuani. Sokoni walimpita bila salamu, mama mmoja muuza nyanya akakataa kumpimia, na yeye aliyekuwa hanyamazi akawa anarudi nyumbani, anakaa jikoni, anamenya viazi bila kusema neno, mpaka shemeji akaanza kumchokoza makusudi ili agombe. Alisononeka sana, na haikumsaidia kitu kujua kwamba yuko sahihi. Walikuja kumwelewa miaka mitatu baadaye, siku lori la mazao lilipokwama katikati ya barabara iliyozama, maji ya mvua yakashuka kama mto kutoka pande zote, na watu wakaona kwa macho yao lile alilokuwa akilisema. Yule mama wa nyanya alikuja nyumbani na ndoo nzima, na leo yuko hapa, safu ya tatu, hajanyamaza kulia tangu asubuhi.

Mwaka 2014, akiwa amerudishwa kwenye meza yake, fedha za matengenezo za mkoa mzima ziliota mbawa, na zilipoonekana tena zilikuwa zimegeuka lami nyeusi mbele ya ofisi za mkoa, pamoja na mzunguko wa magari wenye maua na bomba la kurushia maji, ambalo halijawahi kurusha maji, na kwenye taarifa kazi hiyo iliitwa ukarabati wa dharura. Alisimama kwenye kikao, mbele ya watu wenye tai, akauliza, "Naomba kuelimishwa, ni dharura gani iliyoyapata maua?" Walicheka wote, hata waliohusika, wakaenda kunywa chai. Mzunguko ule bado upo, waheshimiwa wameuzunguka asubuhi hii wakija hapa, na maua yanamwagiliwa kwa boza lililopaswa kulowesha barabara za vijijini zinaposhindiliwa.

Alistaafu Aprili 2021, na badala ya kupumzika akapanga zamu na kaya za kule juu, kila nyumba ikazibua mtaro unaopita mbele yake, akipita mwenyewe na fimbo kukagua na kugomba. Mwaka wa kwanza wa zamu hizo basi lilipita msimu wote wa mvua, na binti yake mkunga hakupoteza mama hata mmoja njiani. Ofisi ilipopata habari ikatuma watu wenye kamera kuja kusifu moyo wa kujitolea, naye akawafukuza, ndiyo, akawafukuza akiwa na udongo mikononi, akisema, "Hatujitolei. Tumeshalipa kwenye mafuta, na sasa tunalipa tena na migongo yetu, nendeni mkapige picha fedha zilipo." Tunalisoma hili kwa sababu kwenye hotuba ambayo ofisi imeandaa isomwe leo, na ambayo familia imeoneshwa, ameitwa mfano bora wa kujitolea.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2023, akihisi kuchoka na kukosa pumzi, akavimba miguu, na uchunguzi ukaonesha kwamba moyo wake umetanuka. Alitibiwa akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Februari mwaka huu wa 2025, akalazwa hospitali ya mkoa, ambako alifariki tarehe 14 Machi, mume wake akiwa amemshika mkono, akibakiza wiki chache kutimiza miaka sitini na minne. Tumesikia watu wakisema msibani kwamba ameuawa na barabara. Hapana. Gari la wagonjwa lilimfikisha vizuri, madaktari walimkuta hai, na kilichomuua ni ugonjwa wa moyo, tunaomba msimzulie, kwa sababu uongo aliuchukia hata pale ambapo ungemsaidia kushinda.

Juzi asubuhi, tukiwa tumekaa uani tumepanga viti, tulisikia greda. Iliwashwa kwa ajili ya msafara wa mgeni rasmi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, ikakwangua barabara kutoka njia panda hadi kwenye lango hili, na udongo wote ukasukumiwa mtaroni, ule ule mtaro ambao kaya zilikuwa zimeuzibua mwezi wa kwanza kwa majembe, midomo ya makalavati yote ikafukiwa. Barabara mliyopita leo mkaisifu kwa ulaini ndiyo hiyo. Mwendesha greda, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha kazi, alizima mashine langoni, akaja hadi kwa shemeji, akapiga magoti akilia na kusema, "Mzee, nimeamriwa. Nikawauliza mitaro je, wakaniambia mafuta yametolewa ya kufika msibani tu." Familia haina neno naye, na anajua, jana amekula nasi. Lakini mjue kwamba ofisi aliyoitumikia miaka thelathini na mitano, ilipotaka kumpa heshima ya mwisho, ilikwenda kumfanyia mbele ya nyumba yake kitu kile kile alichokataa kukisaini, na inaelekea haikujua hata kidogo kwamba inamtukana.

Usiku ule familia ilikaa kikao, na wazee wetu wawili, kwa nia njema, walishauri tunyamaze, wakisema msiba si mahali pa ugomvi na kwamba mtu mkubwa akija nyumbani kwako unamstahi. Tuliwasikiliza. Kisha shemeji, ambaye hana desturi ya kusema mbele ya watu, akasema, "Mimi nimeishi naye. Angegomba," na kikao kikaishia hapo.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya magonjwa ya moyo, waliomvumilia alipokuwa akiwauliza maji wanayomtoa miguuni yanakwenda wapi, kwa majirani waliopika, waliokesha na waliotuazima viti, kwa kaya zote za kule juu, kwa yule mama wa nyanya, na kwa wafanyakazi wenzake wa yadi, makanika, madereva na vibarua, ambao wamechanga kutoka mifukoni mwao na kubeba jeneza hili tangu njia panda.

Na kwa ofisi, ambayo nayo ilikuwa imepangwa katika shukrani, tunalo neno moja. Jana mchana mafundi wenu walisimika bango pale njia panda, bango zuri, nguzo za chuma, limefunikwa kitambaa, ili baada ya mazishi mgeni rasmi akalifunue na barabara hii iitwe kwa jina la marehemu. Familia haikuulizwa. Alfajiri ya leo mume wake, kijana wake na mdogo wake anayesoma hapa walikwenda na spana, wakalifungua bila kulikwaruza, wakalileta uani, liko nyuma ya tangi la maji pamoja na kitambaa chake, na nati zote zimo kwenye mfuko. Kwa heshima zote, mheshimiwa, tunakuomba uondoke nalo, gari lako lina nafasi. Jina la dada yetu halitawekwa kwenye barabara iliyofukiwa mitaro yake, ili msimu huu ikikatika, na itakatika, binti yake akashindwa kumfikisha mama mjamzito hospitalini, watu waseme Mama Mtaro ameua. Fungueni mitaro hadi bondeni, leteni fedha za matengenezo kiangazi kazi inapofanyika, msizikimbizie maua, na siku mtu mwenye elimu kama yake atakapotembea barabara hii nzima kwa miguu akasaini bila kudanganya, rudini na bango lenu, tutawashikia nguzo.

Bwana alitoa muda wake, nao umetimia, na kazi yake aliifanya. Pumzika kwa amani, dada. Ofisi isipumzike.